Amana ya Udongo wa Mbwemkuru

Kiangazi kinapokolea huku kusini mwa Tanzania, Mto Mbwemkuru hujificha. Maji hupungua, mchanga mpana hubaki wazi kati ya kingo zake, na mgeni anaweza kusimama katikati ya mto akauliza mto uko wapi. Wenyeji hawaulizi. Wanawake hushuka na ndoo na bakuli, hupiga magoti mchangani na kuchimba polepole mpaka mchanga ulowe, uwe mweusi, na maji yaanze kujikusanya yenyewe. Mchimbaji hungoja yatulie, ndipo huteka.

Nimeanza na maji kwa sababu wanawake wale ndio walimu wa kwanza wa kazi ninayotaka kuisimulia: kuchimba kidogo, kungoja sana, na kuteka kile tu ulichoruhusiwa. Kazi yenyewe ni kutafuta sarafu za kale kwa mashine ya kutambua metali, ile ambayo wachimbaji wadogo wa dhahabu huiita detekta. Wao huitafutia riziki. Mimi na mwenzangu, mwalimu mstaafu wa upande wa Ruangwa, tunaitumia kusikiliza. Tunazitafuta hela zilizowaponyoka watu ambao hatukuwahi kuwaona.

Mashine ni fimbo yenye sahani ya nyaya mwishoni. Umeme wa betri ukipita katika nyaya zile hujenga nguvu ya sumaku inayozama udongoni. Ikikuta kipande cha metali, kipande kile nacho huamka kwa umeme wake mdogo na kujibu, na jibu lake hugeuzwa sauti masikioni mwako. Chuma hutoa sauti nzito, iliyokatika. Shaba na fedha hutoa sauti nyembamba, safi, inayorudi ileile kila unapopita juu yake. Ukienda haraka huisikii, na ukiinua sahani mbali na ardhi huipoteza. Sarafu ndogo iliyolala shubiri moja chini humtaka mtu apite taratibu, sahani ikikaribia kugusa majani.

Kabla ya yote hayo kuna jambo moja la kufanya. Udongo wetu mwekundu una chuma ndani yake, nao hupiga kelele zake wenyewe. Kwa hiyo mtafutaji husimama mahali pasipo kitu, hushusha na kuinua sahani, na kuirekebisha mashine mpaka ikubaliane na ardhi ya pale. Asipofanya hivyo atasikia sauti kila mahali, na kila sauti itamdanganya. Nimefikiri sana juu ya hatua hiyo. Mtu anayeingia katika sala bila kuijua kwanza kelele ya moyo wake mwenyewe, hasira zake, haraka zake na tamaa zake, atasikia mambo mengi na kuyaita yote sauti ya Mungu. Ni vema kwanza kutulia, ukajua kipi ni udongo wako na kipi ni mwito.

Mwenzangu ni Mwislamu, mimi ni Mkatoliki, na bonde hili limezoea watu wa namna hiyo kutembea pamoja. Mimi humwita Mwalimu, naye huniita mdogo wangu. Akikaribia kuchimba husema bismillahi, nami hunyamaza mpaka amalize kusema. Ananifundisha kwa maneno machache. "Usiisukume, mdogo wangu," huniambia nikianza kuchoka. "Iache itembee yenyewe. Aliyepoteza hakupoteza kwa haraka yako."

Mahali tunapopapenda zaidi ni mahame. Ukiwa porini ukakuta miembe mikubwa imepangana bila nyumba hata moja karibu, jua kwamba watu waliishi hapo, wakaoa, wakazika, wakahama. Wengine walihama kwa njaa, wengine kwa vita. Wengi waliondoka wakati wa Operesheni Vijiji, baada ya Mwalimu Nyerere kutangaza mwaka 1973 kwamba ifikapo mwisho wa 1976 kila mtu awe anaishi kijijini. Miembe haikuhamishwa. Chini yake, mahali watu walipokaa kuzungumza na watoto walipochezea, kuna vitu vilivyoanguka bila kishindo.

Hatuingii popote bila ruhusa. Kwanza tunamwona mwenye shamba, kisha serikali ya kijiji. Hatupiti makaburini. Hatupiti mahali wazee walipofanyia matambiko, hata kama leo hakuna anayekwenda tena. Mwalimu anasema ruhusa ni sehemu ya ibada, na kwamba aliyeingia shambani kwa kunyemelea hawezi kutoka na baraka. Nimeona ni kweli. Siku tuliyoanza kwa kukaa barazani na kuongea na wenyeji, hata tukirudi mikono mitupu, moyo huwa umeshiba.

Na mara nyingi tunarudi mikono mitupu, au tukiwa na chuma. Upande wa Nachingwea, ardhi imejaa chuma. Hapa ndipo palipokuwa na tawi mojawapo la Mpango wa Karanga wa Waingereza, pamoja na Kongwa na Urambo. Baada ya Vita Kuu ya Pili walikusudia kulima karanga kwa mamilioni ya ekari ili Uingereza ipate mafuta ya kula. Walileta matrekta, wakageuza vifaru vya vita kuwa mashine za kung'oa visiki, wakajenga bandari Mtwara na reli ya kuja mpaka huku. Treni ilifika Nachingwea mwaka 1949. Mwaka 1951 mpango ukafungwa, baada ya kumeza pauni zaidi ya milioni 30. Reli nayo ikafungwa mwaka 1962 na mataruma yakang'olewa. Leo Nachingwea ina kata inayoitwa Stesheni, wala hapana treni.

Kwa hiyo detekta hulia: parafujo, nati, kipande cha mnyororo, jino la jembe la trekta. Zamani sauti hizo zilinikera. Sasa huviokota vipande hivyo na kuviweka mfukoni kwa heshima, kwa sababu navyo ni maneno. Haya ni mabaki ya mpango uliokuwa na wataalamu, mashine na fedha nyingi, ukakosa kitu kimoja ambacho mwanamke wa Mbwemkuru anacho anapochimba mchangani: kuiuliza kwanza ardhi yenyewe. Ardhi ya huku haikukataa kilimo. Leo inatoa korosho, ufuta na mbaazi, na wakulima wake wadogo huuza mazao hayo kwenye minada kupitia chama chao kikuu cha ushirika, RUNALI. Ilichokataa ni kuamrishwa.

Kisha, mara moja moja, huja ile sauti safi.

Katika mahame ya miaka ya karibuni huwa ni hela zetu wenyewe, zile zilizotolewa baada ya Benki Kuu kufunguliwa Juni 1966: senti tano yenye samaki, senti ishirini yenye mbuni, senti hamsini yenye sungura, shilingi yenye mkono ulioshika mwenge. Chini zaidi ni senti kumi za mkoloni Mwingereza, zenye tundu katikati na pembe za ndovu kandokando, ambazo watu walizitunga kwenye uzi ili zisipotee. Na chini zaidi, au pembeni mwa njia za kale za kwenda Lindi na Kilwa, ni hela za Mjerumani: kisarafu cha shaba chenye taji upande mmoja na upande wa pili namba iliyozungukwa na majani. Shaba ikikaa udongoni miaka mia huwa ya kijani. Ukiifuta kidogo kwa kidole, taji huonekana kama lilivyokuwa.

Nakumbuka jinsi Mwalimu alivyoishika mojawapo ya hizo. Hakuuliza bei yake. Alikaa chini, akaiweka kiganjani, akasema, "Huyu aliiendea mbali, na hakufika nayo."

Maneno hayo yana uzito kwa anayeijua historia ya hela ile. Mwaka 1897 serikali ya Kijerumani iliweka kodi ya nyumba, na nyumba ya kijijini ilitozwa rupia 3 kwa mwaka. Kuanzia 1904 rupia moja iligawanywa kuwa hela 100, kwa hiyo nyumba moja ya udongo na nyasi ilidaiwa hela 300 kwa mwaka. Mtu wa bonde hili alikuwa na mtama, alikuwa na kuku, alikuwa na nguvu za mikono yake. Hela hakuwa nazo. Kuzipata ilimbidi auze chakula cha watoto, au aende kufanya kazi kwa mgeni. Asipolipa alifanyishwa kazi kwa lazima. Ndipo mwishoni mwa Julai 1905 Wamatumbi walipoinuka, na Agosti vita ya Maji Maji ikafika kwa Wamwera, huku misheni za Nyangao na Lukuledi zikiteketea. Baada ya vita likaja jeshi lililochoma mashamba na maghala, na baada ya jeshi ikaja njaa iliyoua watu wengi kuliko risasi.

Hela moja ni kitu kidogo. Lakini yule aliyeipoteza, aliyerudi nyuma akiinamia njia, akafukua majani kwa vidole mpaka giza likamkuta, hakuwa anatafuta kitu kidogo. Huenda ilikuwa ndiyo iliyobaki ili hesabu itimie. Sisi tunaipata tukifurahi. Yeye aliipoteza akilia. Furaha yangu na kilio chake vimekutana katika kisarafu kimoja, na sidhani kama ni haki kuibeba furaha nikakiacha kilio.

Kuna sauti nyingine ambayo haijaacha kunifikirisha. Mwaka 1917 vita ya wakubwa wa Ulaya ilipita katika bonde hili. Tarehe 19 Julai walipigana Narungombe, ambayo leo ni kata ya wilaya ya Ruangwa. Wajerumani wakarudi nyuma hadi Mbwemkuru, Oktoba wakaipoteza ghala yao ya Ruponda, na kuanzia tarehe 15 hadi 18 ya mwezi huohuo wakapigana na Waingereza huko Nyangao na Mahiwa, vita iliyokuwa kali kupita karibu zote zilizopiganwa Afrika Mashariki. Waliopigana pande zote mbili wengi walikuwa Waafrika, na waliobeba mizigo yao walikuwa Waafrika. Wapagazi waliokufa upande wa Waingereza peke yake wanakadiriwa kufika karibu 100,000, wengi kwa magonjwa, njaa na uchovu.

Vita ile imeacha maganda ya risasi. Ganda la risasi ni shaba iliyochanganywa na zinki. Mwaka 1916, Wajerumani walipofungiwa njia ya baharini na kuishiwa hela, walitengeneza sarafu zao huko Tabora katika karakana ya reli, na baadhi walizitengeneza kwa maganda ya risasi na mizinga. Ganda likawa hela. Kilichomuua mtu kikanunua unga. Na sasa, zaidi ya miaka 100 baadaye, masikioni mwangu ganda na hela hulia karibu sawasawa. Mashine haiwezi kuniambia kama chini yangu kuna kilichotumika kununua au kilichotumika kuua. Inabidi nipige magoti nikachimbe, na kabla sijakifikia najikuta nasali, nikiomba kiwe hela. Kikitoka ganda, Mwalimu hukipokea, hukaa nacho kimya, halafu husoma Fatiha kwa ajili ya asiyemjua. Nami humwombea pumziko la milele. Wafu wa Mbwemkuru wa mwaka ule hawana majina katika vitabu vingi. Ganda moja limewapatia dua mbili.

Mto huu unamwaga maji yake Bahari ya Hindi, kusini ya Kilwa. Nayo Kilwa ilikuwa na hela zake yenyewe karne nyingi kabla ya Mjerumani. Masultani wake walitoa sarafu za shaba zenye jina la mtawala upande mmoja, na upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu, na pande hizo mbili zilitungwa zikamilishe kina kimoja. Aliyenunua samaki sokoni alikuwa ameshika kiganjani ukumbusho kwamba jina la mfalme halijitoshelezi; ukiligeuza, nyuma yake lipo Jina linalolibeba. Mojawapo ya sarafu hizo imepatikana Zimbabwe Kuu. Nyingine tano ziliokotwa mwaka 1944 na askari wa Australia, Maurie Isenberg, katika mchanga wa Visiwa vya Wessel, kaskazini ya nchi yake, pamoja na sarafu nne za Kiholanzi. Alizihifadhi, akatia alama kwenye ramani mahali alipoziokota, na mwaka 1979 akazipeleka zichunguzwe. Kwa sababu ya alama ile, mwaka 2013 watafiti waliweza kurudi palepale kutafuta sarafu za Kilwa zilifikaje huko.

Alama ile ndiyo nusu ya thamani ya sarafu, na pengine zaidi ya nusu. Mwaka 1984, Mtambwe Mkuu kisiwani Pemba, zilipatikana sarafu za fedha zaidi ya 2,000 pamoja na dinari chache za dhahabu, nazo zikawafunulia wataalamu majina ya watawala wa karibu miaka 1,000 iliyopita. Zingechimbuliwa usiku na kuuzwa moja moja, zingekuwa vipande vya fedha basi. Ndiyo maana sheria yetu ya mambo ya kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na anayetaka kuvichimba sharti awe na kibali. Tumekubaliana mimi na Mwalimu kwamba siku Mungu atakapotujalia kusikia sarafu ya Kilwa chini ya sahani yetu, tukiitambua tu, kazi yetu itakuwa imekwisha. Tutaifunika, tutaweka alama, na tutatoa taarifa.

Jioni moja tulikuwa tumepumzika chini ya mwembe, nikamsimulia Mwalimu habari ya yule mwanamke katika Injili ya Luka, mwenye sarafu kumi. Alipopoteza moja aliwasha taa, akafagia nyumba, akaitafuta kwa bidii mpaka akaiona, kisha akawaita majirani wafurahi naye. Yesu aliitoa habari hiyo kuonyesha jinsi Mungu anavyomtafuta mtu aliyepotea. Mwalimu alitikisa kichwa kwa kupendezwa. Kisha akanisimulia kisa cha Sura ya Al-Kahf, cha Nabii Musa na yule mja mwenye elimu aliyefuatana naye. Walifika katika mji ambao watu wake waliwanyima chakula, wakakuta ukuta unataka kuanguka, na yule mja akausimamisha bila ujira. Musa akastaajabu. Baadaye akaelezwa kwamba chini ya ukuta ule kulikuwa na hazina ya mayatima wawili, baba yao alikuwa mtu mwema, na Mola alitaka wakue ndipo waitoe wenyewe.

"Umeona, mdogo wangu," Mwalimu akasema. "Yule mja alijua hazina iko wapi, na alichofanya ni kuijengea."

Nimevibeba visa hivyo viwili tangu siku ile, na naviona vinafundisha kitu kimoja. Kilichopotea kina mwenyewe. Mwenyewe akiwapo, kitafutwe kwa taa na ufagio mpaka kimrudie. Asipokuwapo, kilindwe kwa ajili ya watakaokuja. Hata dini ya mwenzangu inamtaka mwokotaji atangaze alichookota mwaka mzima kabla hajakifikiria kuwa chake. Katika visa vyote viwili hayupo mtu anayeokota akajitajirishia. Sisi tunaotembea na detekta juu ya mahame tumefika mayatima wakiwa hawajakua. Mayatima hao ni wajukuu wa bonde hili, watoto wanaosoma leo Ruangwa na Nachingwea, ambao historia yao bado imelala chini ya miguu yao.

Nasema hivi kwa uchungu, kwa sababu ninayaona mashimo. Watu wanazunguka wakitafuta mali ya Mjerumani. Wanaambiwa kuna masanduku yaliyofukiwa, wanaambiwa rupia fulani ina nguvu ya ajabu na mnunuzi wake yuko tayari kutoa mamilioni. Vijana wanauza baiskeli na korosho za msimu mzima kumlipa mganga au dalali, wanachimba misingi ya maboma ya zamani, wengine wanathubutu kufukua makaburi. Siwalaumu kwa umaskini wao. Nawasihi kwa sababu ninawapenda. Mjerumani hakuja huku kuacha mali. Alikuja kuichukua, naye aliichukua rupia tatu kwa kila nyumba. Kilichobaki udongoni ni chetu sisi: ni jasho la babu zetu lililowaponyoka njiani. Jasho la babu halichimbwi usiku.

Kwa hiyo ndugu yangu unayelima Mbekenyera au Narungombe, Ruponda au Naipanga, au popote bonde hili linapofika: jembe lako likigonga hela ya kale, usiisugue kwa mchanga ing'ae, maana utayafuta maandishi yake. Usimkabidhi mpita njia anayekuja na bei kabla ya salamu. Andika kwenye karatasi ni shamba gani, karibu na mti gani, kina cha shubiri ngapi. Waonyeshe wazee na uwaache waseme wanachokikumbuka, na watoto wawepo wakisikia. Ikiwa ni ya zamani sana, au ziko nyingi mahali pamoja, usiendelee kuchimba; nenda ofisi ya kijiji, ukaombe taarifa ifikishwe kwa wanaohusika na mambo ya kale. Muombee aliyeipoteza, kwa dini yako. Kisha ufukie shimo.